Plasta Mdomoni mwa Mbea

Mjomba alisema nitasaini. Mimi nikasema sisaini. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na mwenye haraka zake anaweza kuishia hapo. Lakini ukoo mzima umeshaisimulia kwa niaba yangu, na kila anayeisimulia ananifanya mimi mtoto asiye na adabu, kwa hiyo leo nakaa kitako na kusema ya kwangu.

Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ni ya Mjomba, mdogo wake Mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na yeye ndiye aliyenibandika jina la Kidomo tangu sijaota meno yote, kwa sababu ya kujibu. Tunatengeneza mashine za kusukuma dawa hospitalini. Stendi moja ina pampu nne zenye namba, na kila pampu imebeba sirinji yake na inaisukuma polepole, dawa ikaingia kwenye mshipa wa mgonjwa tone kwa tone. Sirinji ikikaribia kwisha, pampu inayofuata inapokea zamu bila dawa kukatika. Chini ya stendi kuna kompyuta ndogo, na ndani yake kuna kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayozigawia kazi programu nyingine zote. Kiini hicho alikianza Mjomba peke yake, akaja kunichukua mimi, kisha akamchukua Mpole, jitu la miraba minne ambalo huongea kwa mgao.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana bila hapa mengine yote yataonekana ni ukaidi tu. Ndani ya kiini kazi nyingi zinakimbia kwa pamoja. Ili zisigombanie pampu moja, kila pampu ina kufuli lake. Kazi inayotaka kuigusa pampu inafunga, inafanya shughuli yake, inafungua. Hiyo haina shida. Shida inaanza pale kazi moja inapohitaji makufuli mawili kwa mpigo.

Nyumbani kwetu bafu ni moja na ndoo ni moja. Siku moja dada yangu aliwahi ndoo, mimi nikawahi bafu na kujifungia. Yeye yuko nje anagonga anataka bafu, mimi niko ndani nafoka nataka ndoo. Yeye hatoi, mimi sitoki. Tungekuwa pale mpaka leo kama Mama asingetokea na ufagio. Ndani ya kiini hakuna Mama. Kazi mbili zikishikana namna ile, zitangojana mpaka umeme ukatike, na wala hazitaona haya. Dawa yake ni utaratibu tu: wote tuanze na ndoo, halafu bafu, na aliyekosa ndoo asisogelee mlango. Kwenye karakana yetu utaratibu ni namba. Anayetaka pampu mbili anaanza kufunga yenye namba ndogo, hata awe nani.

Wa kuchunga hilo ni programu ya ukaguzi tunayoiita Mbea. Tukiwa kwenye majaribio, Mbea anakaa ndani ya kiini na kazi yake ni kuangalia nani kafunga nini kabla ya nini, na hasahau. Hasubiri watu wagombane. Akiona leo huyu kaanza na ndoo, na akikumbuka kuwa juzi yule alianza na bafu, anawaanika wote wawili kwenye skrini: hawa siku moja watashikana. Mimi nampenda Mbea. Tunafanana tabia, na wote wawili hatualikwi mahali.

Ila naye ana kasoro yake. Makufuli ya pampu zote nne kwake yana sura moja, kwa sababu yalizaliwa kwenye mstari mmoja wa programu. Akiona kazi imeshika mawili, anapiga yowe hata kama umefuata namba vizuri kabisa. Basi unamwandikia alama pale pale: hili la pili namba yake ni kubwa kuliko lile la kwanza, utaratibu umefuatwa, nyamaza. Alama hiyo tunaiita plasta, na sheria ya karakana inasema kila plasta iandikiwe sababu pembeni. Sheria aliiweka Mjomba. Na plasta ya Mjomba mwenyewe, kwenye mstari wa kupokezana zamu, ilikuwa na sababu hii: "Ninajua ninachofanya."

Na tumtendee haki, alikuwa anajua. Alipoibandika, zamu zilikwenda upande mmoja tu. Ya kwanza inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu, ya tatu inampa ya nne, basi, muuguzi anakuja kujaza zote. Namba ndogo ilikuwa inatangulia yenyewe bila kuambiwa. Baadaye wauguzi wakalalamika kwamba hawana muda wa kukimbilia stendi kila inapofika ya nne. Wakataka ya nne imrudishie zamu ya kwanza, ambayo itakuwa imeshajazwa. Mjomba akaongeza jambo hilo, likafanya kazi, tukapongezana, tukanywa soda. Hakuna aliyerudi kuitazama plasta. Kumbe tangu siku hiyo ya nne ikimpa ya kwanza, kufuli la nne linafungwa kwanza na la kwanza linafuata. Upande wa pili kuna kazi ya kengele, ile inayozunguka kukagua kama dawa inatembea, nayo inayashika yote manne, ikifunga kuanzia la kwanza kwenda la nne. Zikutane katikati tu, imekwisha. Zamu haipokelewi, na kengele hailii, maana mpiga kengele naye amekwama humo humo. Skrini itaendelea kuonyesha saa na taa ya kijani, na mtoto aliyelala pale hapati kitu.

Nilisema mtoto kwa sababu mzigo wetu wa safari hii, wa kwanza wenye mzunguko huo, ulikuwa unakwenda wodi ya watoto wachanga.

Niliigundua kwa ubishi wangu tu. Kabla ya mashine kutoka, mtu ambaye hakuandika programu anapaswa kuisoma kwa sauti mbele ya aliyeiandika, na akiridhika anasaini. Safari hii msomaji nilikuwa mimi. Nikiwa najiandaa nikaanza kuzibandua plasta moja moja, nione Mbea angesema nini kama angeachiwa mdomo wake. Ya Mjomba nilipoibandua, nikajaza sirinji maji, nikaacha stendi izunguke. Ya nne ilipomrudishia ya kwanza, Mbea akamwaga yote. Nikaenda kwa Mjomba nikiwa na furaha, mjinga mimi, nikidhani nampelekea habari njema.

Alisoma skrini akiwa amesimama. Alisoma mara mbili, na nikaona shingo yake inakuwa ngumu.

"Imewahi kuganda?" akauliza.

"Bado."

"Tangu tuongeze mzunguko, umewahi kuiona imeganda? Mpole, wewe umewahi?"

Mpole akatikisa kichwa.

"Basi unanisomea umbea."

"Mjomba, ni kubadilisha mistari miwili. Nikianza sasa hivi, mpaka mchana nimemaliza."

"Na muhuri?"

Hapo alinishika pabaya, na alijua. Wakaguzi wa vifaa vya hospitali walikuwa wameshaupiga muhuri mzigo wote. Ukigusa kiini, hata nukta, muhuri umekufa, na majaribio yote yanaanza upya. Ni msimu mzima huo. Na wodi ilikuwa imeshapangiwa kuondoa mashine zake za zamani siku ile ile ya kupokea zetu. Mjomba alikuwa ameihangaikia kazi hii mpaka nywele zikamtoka. Karakana nyingine ilikuwa inangoja tu tuteleze.

"Nitengenezee igande," akasema. "Nione kwa macho yangu. Ikiganda, mimi mwenyewe nitaurudisha mzigo. Isipoganda, Ijumaa unasoma na unasaini."

Nilikubali kujaribu. Kusaini sikukubali, ingawa yeye alisikia alivyotaka kusikia.

Mimi na Mpole tukahangaika na ile stendi kama watu waliologwa. Tukaweka sirinji ndogo ili zamu zipokezane harakaharaka. Tukaibebesha kompyuta kazi za upuuzi ili ichelewe. Maji yakamwagika mpaka mwenye duka la magodoro akapanda kutuuliza kama tunataka kumfilisi. Mashine haikuganda hata kwa kutuonea huruma. Nafasi ya kukutana kwa zile kazi mbili ni finyu kuliko kupepesa jicho, na makosa ya kufuli yana kiburi, hayaji yakiitwa. Mjomba alikuwa anapita nyuma yetu akipiga mluzi. Ule mluzi ulinikata maini.

"Lakini stendi zitakuwa nyingi," nikamwambia Mpole, "na hazizimwi. Mchana, usiku, Jumapili. Sisi tunaijaribu hapa kwa siku chache tu tunasema shida haipo."

"Ipo," akasema Mpole. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Nyumbani nikamkuta Mama anapiga pasi. Jinsi alivyokuwa anaikandamiza kwenye ule mkunjo, nikajua Mjomba ameshapiga simu.

"Mdogo wangu anasema unamvua nguo mbele za watu."

"Sijamvua. Nimemwambia zipu iko wazi."

"Usinifanyie mzaha. Yule ndiye aliyekusomesha alipoondoka baba yako. Alikuwa anakubeba begani kwenda naye kazini. Leo umejua kusoma makufuli, unamfungia na riziki?"

"Mama, kosa lipo."

"Limemuua nani?"

"Bado halijamuua mtu."

"Basi si uache kwanza, walirekebishe baadaye? Kwani ukinyamaza utakufa?"

"Mimi sitakufa," nikamwambia.

Pasi ikasimama. Mama akaniangalia, akaiinua haraka kabla haijaunguza shati. Hakunikaribisha chakula, nikajipakulia mwenyewe, nikala nikiwa na hasira na yeye, na Mjomba, na mashine isiyotaka kuganda. Nilikuwa naogopa vilevile. Nisijifanye jabali. Sijui kazi nyingine, na simjui mjomba mwingine.

Ijumaa Muuguzi Mkuu wa wodi ile akaja kupokea. Ni mama mfupi, mwenye viatu visivyotoa sauti na macho yanayohesabu vitu. Gari la kubebea mzigo lilikuwa chini limewasha injini. Mjomba alivaa koti. Kwa hesabu zake, mbele ya mgeni ningekuwa mpole kuliko Mpole, maana kwetu mambo ya ndani hayasemwi mgeni akiwa kitini. Akaweka karatasi ya kusaini mezani, na kalamu juu yake, na akaniambia kwa sauti tamu, "Haya, mpwa wangu, tusomee."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti na bila kuruka, mstari kwa mstari, na kila mahali Mjomba alieleza kwa nini ameandika hivyo. Alieleza vizuri. Mjomba akieleza kazi yake unasahau kula. Muuguzi Mkuu alikuwa anatikisa kichwa pale pale panapostahili. Nikafika kwenye zamu.

"Hapa kuna plasta," nikasema. "Sababu yake imeandikwa: Ninajua ninachofanya. Mjomba, hapa unafanya nini?"

"Endelea."

"Siwezi kuendelea, sijajibiwa. Ya nne ikimpa ya kwanza, kufuli lipi linafungwa kwanza?"

"Kidomo." Aliliita jina hilo taratibu, kwa namna ya kunikanya.

"Plasta ni nini?" akauliza Muuguzi Mkuu.

"Ni mambo ya kitaalamu tu, Sista," akasema Mjomba. "Programu ya ukaguzi inapiga kelele zisizo na maana, tunaituliza."

"Zilikuwa hazina maana," nikasema. "Sasa zinayo." Na nikamweleza Muuguzi Mkuu habari ya ndoo na bafu, kwa maneno machache, Mjomba akiwa anaipinda ile kalamu mkononi kana kwamba ingekunjika.

Muuguzi Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ikiganda nikiwa zamu," akaniuliza, "nitajuaje?"

"Hutajua, Sista. Taa itakuwa kijani."

"Haijawahi kuganda," akasema Mjomba. "Hata yeye mwenyewe ameshindwa kuigandisha. Muulize."

"Kweli, nimeshindwa," nikasema. "Na sina haja igande. Mbea ameona njia mbili zinazogongana, na mimi nimeziona, na wewe umeziona. Tangu siku ile uliposoma shingo ikakakamaa, umeziona."

Akanisukumia karatasi. "Saini."

"Sisaini."

"Saini, mtoto wa dada."

"Mjomba, nakupenda, na sisaini."

Akasimama. Koti lilikuwa linambana na uso ulikuwa umemvimba kwa aibu, na nilimwonea huruma kwelikweli, lakini huruma haikunishusha hata chembe. "Basi toka," akasema. "Kazi hii huna tena. Na ukishuka hizo ngazi, mimi si mjomba wako."

"Kazi unaweza kuninyima, ni yako," nikamwambia. "Ujomba huwezi. Huo hukuutafuta wewe, ulipewa na mama yangu siku aliponizaa. Kama unataka kuurudisha, nenda kamrudishie mwenyewe."

Muuguzi Mkuu akaangalia dirishani. Mjomba akamtupia Mpole kalamu. "Soma wewe. Saini wewe."

Mpole aliivuta kompyuta kwake. Alisoma palepale kwenye zamu, midomo ikitikisika, akarudi juu, akasoma tena. Sote tulikuwa tunamngoja. Kisha akachukua kifuniko cha kalamu, akaifunika, akaiweka mezani bila kishindo, na akaenda kusimama karibu na stendi. Hakuniangalia mimi wala Mjomba. Sijawahi kumpenda mtu mkubwa vile ghafla namna ile.

"Vizuri," akasema Mjomba. "Karakana ni yangu. Sheria ya msomaji niliitunga mimi, na naitengua mimi. Nitasaini mwenyewe."

Akaifunua kalamu. Ndipo Muuguzi Mkuu alipogeuka kutoka dirishani.

"Hayo ya makufuli mimi siyajui," akamwambia. "Huyu binti anaweza kuwa sawa, anaweza kuwa mbishi tu, wabishi ninao wengi. Lakini wewe nakujua. Mashine zako hazijawahi kunidanganya. Ukiweka saini yako hapo, mimi naziteremsha, na leo hii zile za zamani nazitoa. Sitakuuliza tena."

Alisema bila kejeli. Alikuwa anamaanisha neno kwa neno, na ndiyo maana lilikuwa baya vile.

Mjomba akainama juu ya karatasi. Nikaona ncha ya kalamu inagusa, ikaacha kinukta cha wino. Chini, injini ya gari ilikuwa inanguruma. Nilikaa kimya, na wanaonijua wajue ilinigharimu. Nilikuwa nimeshasema yote, na lililobaki halikuwa langu. Aliibakiza kalamu pale mpaka kile kinukta kikaanza kutanuka kwenye karatasi.

"Sista," akasema akiwa bado ameinama. "Zile za zamani usizitoe."

Muuguzi Mkuu hakuuliza kwa nini. Aliangalia mashine zetu zilizopangwa ukutani zikiwa na mihuri yake, akamwangalia Mjomba, akasema, "Nashukuru kwa kuniambia," akachukua mkoba wake. Tulisikia gari likiondoka tupu. Labda atarudi tena, labda atakwenda kwa wale wengine. Mpaka leo hajatupa neno, na mwenye haki ya kutununia ni yeye.

Mjomba akavua koti, akalitupa juu ya stendi. Akakaa mbele ya kompyuta, pale pale nilipokuwa nimesoma, na akaisoma tena ile sababu yake. Kisha akaifuta. Halafu akaibandua na plasta yenyewe.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Hapana. Bado nina hasira na wewe."

"Nimekufukuza kazi. Kumbuka."

"Nimesikia," nikamwambia, nikavuta kiti. "Sogea huko, unanizibia skrini."